Ramani za Kale Zilizopakwa Rangi kwa Mkono: Tulichojifunza Baada ya Kununua Moja



Baadhi yenu, hasa ninyi wanajumuiya wa hapa Babati mjini mliotuchangia, mmekuwa mkituuliza ile ramani ya jubilei iliishia wapi. Makala hii inajibu swali hilo. Pia inaeleza mambo ambayo sisi wenyewe hatukuyajua siku tulipoinunua: ramani za mwanzo wa uchapaji zilitengenezwaje, rangi zake zilipakwaje, kwa nini watu wanazikusanya, na mtu anawezaje kutofautisha ya kale na nakala. Tungeyajua mapema, fedha zenu zingekuwa salama zaidi.

Ilivyoanza

Padre mlezi wetu alikuwa anatimiza miaka 25 ya upadre. Ndiye anayetufundisha historia ya Kanisa, na kila aliyepita darasani kwake anajua anavyopenda ramani: safari za Mtume Paulo anazichora ubaoni bila kutazama kitabu. Sisi mafrateri wa mwaka wa pili wa falsafa tukakubaliana kumpa zawadi ya ramani. Tulichanga tulichonacho, na jumuiya moja ndogo ndogo tunayoitembelea Jumamosi ikatuongezea shilingi 60,000.

Kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma tulimkuta mfanyabiashara wa vinyago na picha, anayewauzia zaidi wageni waendao Tarangire. Alikuwa na ramani ya Afrika ndani ya fremu nyeusi: karatasi ya rangi ya chai, bahari yenye meli zinazopigana, nchi zimepakwa kijani, waridi na manjano, na chini umeandikwa mwaka 1570. Alituambia ni ya zamani, ya mkono. Alianza na shilingi 250,000, tukamalizana kwa 180,000. Tuliibeba kwenye bajaji tukiwa tumeishika kama monstransi.

Siku tatu kabla ya sherehe, mwenzetu mmoja ambaye kabla ya kuingia seminari alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji alileta kioo cha kukuzia. Alikiweka juu ya rangi ya kijani, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Jamani, hii imetoka kwenye mashine, sawa na kalenda ya parokia."

Nasi tukachungulia mmoja mmoja. Palipoonekana kijani kwa macho, kwenye kioo palikuwa na vitone vidogo vya buluu na vya manjano vilivyopangwa kwa mistari. Hakuna mkono wa mtu unaopaka rangi namna hiyo.

Ramani hizo ni kitu gani hasa

Tuanze na ile yenyewe ambayo tulidhani tunayo. Ramani tuliyonunua ilikuwa nakala ya ramani ya Afrika ya Abraham Ortelius wa Antwerpen, mji ulio leo nchini Ubelgiji. Mwaka 1570 Ortelius alitoa kitabu kiitwacho Theatrum Orbis Terrarum, yaani jukwaa la dunia, chenye kurasa 53 za ramani zenye ukubwa na mtindo mmoja. Wengi hukiita atlasi ya kwanza ya kisasa, kwa kuwa kabla yake mtu alinunua ramani moja moja za saizi mbalimbali na kuzifunga pamoja kadiri alivyoweza. Kitabu hicho kilipendwa, kikachapwa tena na tena katika lugha kadhaa hadi mwanzoni mwa karne ya 17.

Lakini uchapaji wa ramani ulianza kabla yake. Mtaalamu Klaudio Ptolemayo wa Aleksandria, Misri, aliishi karne ya pili baada ya Kristo, na katika kitabu chake cha jiografia alitaja hata pwani yetu, pamoja na mji wa biashara uitwao Rhapta. Kwa karne nyingi kitabu hicho kilinakiliwa kwa mkono. Mwaka 1477 kilichapwa kikiwa na ramani huko Bologna, Italia, na mwaka 1482 kikachapwa Ulm, Ujerumani, kwa mbao zilizochongwa. Nakala nyingi za Ulm za mwaka huo zina bahari za buluu iliyokolea, iliyopakwa kwa mkono. Mchapaji wake, Lienhart Holle, alifilisika muda mfupi baadaye. Kazi nzuri haikuwa lazima kazi yenye faida.

Kulikuwa na njia mbili kuu za kuchapa. Ya kwanza ni ya mbao. Fundi alichonga ubao na kuacha mistari ikiwa imeinuka, kisha akapaka wino juu ya mistari hiyo na kugandamiza karatasi. Yeyote aliyeona muhuri wa parokia ukipigwa kwenye cheti cha ubatizo ameielewa njia hii. Ya pili ni ya bamba la shaba, na hii ndiyo aliyoitumia Ortelius. Hapa fundi alichimba mistari ndani ya shaba, ikawa kama mitaro midogo. Wino ulijazwa mitaroni, uso wa bamba ukafutwa ukawa safi, kisha karatasi iliyolowanishwa kidogo ikapitishwa pamoja na bamba kati ya magogo mawili mazito ya mtambo. Karatasi iliuvuta wino kutoka mitaroni. Kwa njia hii mstari mwembamba kama unywele uliwezekana.

Jambo la kukumbuka ni kwamba njia zote mbili zilitoa kwa kawaida rangi moja tu, nyeusi. Rangi nyingine zote ziliongezwa na mkono wa mtu, karatasi moja baada ya nyingine.

Kazi ya wapaka rangi

Ortelius mwenyewe alianzia hapo. Mwaka 1547, akiwa na umri wa miaka 20, aliandikishwa kama mpaka rangi wa ramani katika chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka mjini Antwerpen. Tunajua kwamba Mtakatifu Luka Mwinjili ni msimamizi wa waganga, lakini ni msimamizi wa wachoraji pia, na ndiyo maana vyama vya mafundi wa rangi katika miji mingi ya Ulaya vilijiweka chini ya jina lake. Baba yake Ortelius alifariki mapema, na dada zake walishiriki naye katika kazi hiyo ya rangi. Katika mji huohuo, mwanamke aitwaye Mynken Liefrinck alipaka rangi ramani na picha kwa ajili ya mchapaji mkubwa Christophe Plantin. Majina ya wengi wa wafanyakazi hawa hayako popote kwenye ramani. Jina la mwenye ramani liliandikwa ndani ya pambo zuri; aliyekaa dirishani akipaka mipaka ya nchi mia kwa siku hakuandikwa.

Rangi zao zilitoka kwenye mimea, madini na wadudu. Kijani kilitokana na kutu ya shaba. Ili rangi ishike kwenye karatasi, ilichanganywa na gundi inayotoka kwenye migunga, utomvu wa jamii ileile tunaouona ukiganda kwenye magome huku kwetu. Rangi ililazimika kuwa nyepesi, kwa sababu mistari na majina yaliyochapwa yalipaswa kusomeka chini yake.

Kile kijani cha shaba kina tabia moja: miaka inavyokwenda kinaila karatasi. Ukiigeuza ramani ya kale iliyopakwa kijani hicho, mara nyingi unaona nyuma yake doa la kahawia linalofuata umbo lilelile la mbele. Pengine karatasi inapasuka hapohapo kwenye mpaka wa nchi. Kinachowasikitisha watunzaji ndicho pia kinachowasaidia kutambua rangi ya zamani.

Namna ya kutambua

Baada ya aibu yetu tulikaa na yule mwenzetu wa uchapaji, tukasoma, tukauliza. Haya ndiyo tuliyoyapata, na yeyote anaweza kuyatumia.

Kwanza, tumia kioo cha kukuzia. Mstari wa bamba la shaba ni wino mzito unaoendelea bila kukatika, na rangi ya mkono hukaa kama maji yaliyokauka, mahali pengine imekolea, mahali pengine imevuka mpaka kidogo. Ukiona vitone vilivyopangwa, hiyo ni picha ya ramani iliyochapwa kwa mashine ya kisasa.

Pili, tafuta alama ya bamba. Kwa kuwa bamba la shaba liligandamizwa kwa nguvu, kingo zake huacha mbonyeo kuzunguka ramani, unaoweza kuuhisi kwa kidole.

Tatu, iinue karatasi kwenye mwanga. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyopondwa na kuchotwa kwa chekeche la nyaya. Nyaya hizo huacha mistari inayoonekana mwanga unapopenya, na mara nyingi pia alama ya kiwanda.

Nne, tazama mkunjo. Ramani ya Ortelius ya Afrika ina ukubwa wa karibu sentimita 37 kwa 50, na ndani ya kitabu ilikunjwa katikati. Ramani iliyotoka kitabuni kweli huwa na alama ya mkunjo huo.

Tano, geuza nyuma. Kurasa za ramani za Theatrum zilichapwa maandishi ya maelezo upande wa pili. Ramani yetu ilikuwa imefunikwa nyuma kwa kadibodi na kubandikwa kwa gundi. Tulipoifungua, karatasi ilikuwa nyeupe tupu, bila hata herufi moja, na rangi ya chai ilikuwa upande wa mbele tu.

Nakala yenyewe si dhambi. Dhambi ingekuwa kuiuza kwa jina la kitu kingine. Hapa tuseme ukweli kuhusu yule mfanyabiashara. Tulimrudia. Alisema naye aliinunua pamoja na picha nyingine kwa jumla, na alituambia ni ya zamani kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Kwa kweli, tulipokumbushana maneno yake yote, hakuwahi kusema kwamba ilichapwa mwaka 1570. Sisi ndio tuliousoma mwaka huo, tukatazamana, tukanyamaza tusije tukamwamsha akapandisha bei. Tulidhani tunamzidi ujanja. Hatukuuliza swali hata moja, kwa sababu jibu tulilolitaka tulikuwa nalo tayari.

Pwani yetu ndani ya vitabu vyao

Tulipoendelea kusoma tuligundua kwamba kosa hilo la kujaza nafasi kwa matamanio halikuanza na sisi. Linaonekana ndani ya ramani zenyewe.

Chukueni mfano wa pwani yetu. Mwaka 1572 mjini Köln, Ujerumani, ilitoka juzuu ya kwanza ya kitabu cha picha za miji ya dunia kiitwacho Civitates Orbis Terrarum. Mhariri wake alikuwa padre, Georg Braun, na mchongaji mkuu alikuwa Frans Hogenberg, ambaye pia alichonga mabamba mengi ya Ortelius. Katika ukurasa mmoja wa juzuu hiyo kuna miji minne ya Bahari ya Hindi: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa imeandikwa Quiloa, nayo inaonekana na nyumba na minara kando ya maji. Ni moja ya picha za kwanza kuchapwa za mji ulio katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na wakusanyaji wanaupenda sana ukurasa huo, hasa wenye rangi.

Padre Braun hakufika Kilwa. Alitegemea habari zilizopitia kwa Wareno. Mtazamaji aliyeufungua ukurasa ule kule Köln aliona mji mzuri umetulia. Hakuona mwaka 1505, pale meli za Francisco de Almeida zilipoiteka Kilwa, na wiki chache baadaye kuiteketeza Mombasa. Picha haikudanganya kwa kila mstari, maana Kilwa ilikuwa kweli mji wa mawe na biashara, na magofu yake yako katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Lakini ilisema kile ambacho mnunuzi alitaka kukiona.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi kama Wakristo. Mwaka 1573 Ortelius aliongeza ramani ya ufalme wa Presbiteri Yohane, mfalme Mkristo ambaye Ulaya ilikuwa imemsikia kwa muda mrefu na kutamani kumpata kama mshirika. Ufalme wa Kikristo wa Ethiopia ulikuwepo kweli. Lakini ramani ile inaunyoosha kusini mbali, kupita ikweta, ikijaza bara kwa mito, miji na milima. Waliokuwa wakiishi huku kati ya Ziwa Manyara na nyanda za Kondoa hawakuwahi kusikia habari za mfalme huyo, ila kwenye karatasi za Antwerpen nchi zao zilikaribia kuwa zake. Naye Sebastian Münster wa Basel, katika ramani yake ya Afrika ya mwaka 1540, alichora mtu mwenye jicho moja upande wa magharibi wa bara letu, na tembo kusini. Tembo yupo.

Fadhila ya nafasi tupu

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba ukweli ni ulinganifu wa akili na kitu kilivyo. Darasani tulikuwa tumelikariri hilo na kulijibu kwenye mtihani. Tulilielewa pale tulipokuwa na ramani ya shilingi 180,000 mezani. Akili yetu haikulingana na kitu. Tulikitaka kitu kilingane na akili yetu.

Mchoraji wa ramani wa karne ya 16 alikuwa na shida ileile. Pwani aliijua kwa habari za mabaharia. Bara hakulijua. Lakini mnunuzi hapendi kulipia karatasi yenye pengo. Basi alichukua Milima ya Mwezi ya Ptolemayo na maziwa mawili ambamo Nili ilidhaniwa inatoka, akayaweka kusini mwa ikweta, na waliomfuata wakanakili. Kosa moja lilisafiri hivyo kutoka bamba hadi bamba kwa karne nyingi. Tuwe na haki kwao pia: Ortelius aliweka katika kitabu chake orodha ya wachoraji ambao aliwatumia, zaidi ya 80, ili msomaji ajue kila jambo limetoka kwa nani. Huo ni uaminifu ambao hata insha zetu za seminari wakati mwingine zinaukosa.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1749. Mfaransa Jean-Baptiste Bourguignon d'Anville alichapa ramani kubwa ya Afrika, na kila alichokosa ushahidi wake alikiondoa. Sehemu kubwa ya bara ikabaki nyeupe. Alikuwa na ujasiri wa kuuza ramani yenye mapengo, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Sokrate angempenda.

Hata hivyo kuna hatari ya upande wa pili, na sisi Waafrika tunapaswa kuiona. Katika karne iliyofuata wapo walioutazama weupe ule wakaona nchi isiyo na wenyewe. Weupe ulikuwa wa karatasi. Huku Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Warangi walikuwa wanalima, wanachunga, wanazika wazee wao na wanaijua kila chemchemi kwa jina. Oscar Baumann, Mwaustria, alipopita maeneo ya Ziwa Manyara mwaka 1892 na kulitia kwenye ramani yake, hakukuta ziwa lisilojulikana. Alikuta watu waliomwonyesha njia. Kusema "sijui" ni fadhila ikiwa tu tunakumbuka kwamba yupo mwingine anayejua, na tukamwuliza.

Kukusanya na kuiba

Leo ramani hizi ni mali. Ramani halisi ya Ortelius ya Afrika huuzwa kwa maelfu ya dola za Kimarekani, nasi tulidhani tumeipata kwa bei ya mbuzi wawili! Bei hizo zimeleta mambo mawili ya kusikitisha.

La kwanza ni kuvunja vitabu. Kwa kuwa kurasa zikiuzwa moja moja huleta fedha zaidi, wafanyabiashara wengi wamekata atlasi nzima na kuuza karatasi zake. Ndiyo maana ramani nyingi zilizo ukutani leo zina ule mkunjo wa katikati. Tena nyingine zilikuwa nyeusi tu kwa karne nne, zikapakwa rangi juzi ili zipate mnunuzi.

La pili ni wizi wenyewe. Mwaka 2005 mfanyabiashara maarufu wa ramani nchini Marekani, Edward Forbes Smiley, alikamatwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale baada ya mfanyakazi kuona kiwembe sakafuni. Alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali, nazo thamani yake ilikuwa karibu dola milioni 3. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Alizipenda ramani na alizijua kuliko wengi. Kukijua na kukipenda kitu hakukumzuia kukigeuza mawindo.

Wapo pia waliokusanya kwa faida ya wote. Daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, Oscar Norwich, alikusanya kwa miaka mingi ramani za Afrika, na mkusanyo wake sasa uko katika maktaba za Chuo Kikuu cha Stanford, ambako umepigwa picha na kuwekwa wazi kwenye intaneti. David Rumsey, naye wa Marekani, amefanya hivyo kwa ramani nyingi sana za dunia nzima. Frateri mwenye simu ya kawaida, akiwa ameketi kando ya Ziwa Babati, anaweza kuikuza ramani ya mwaka 1570 mpaka auone mkwaruzo wa chombo cha fundi. Mkusanyaji wa karne zilizopita asingeota jambo hilo.

Tunachoweza kukusanya hapa Babati

Tukiwa bado na huzuni ya ramani yetu, tulikwenda utume wa mwisho wa juma katika parokia moja ya vijijini. Tuliombwa kusaidia kupanga kabati la ofisi. Katikati ya kalenda za zamani tulikuta karatasi ngumu iliyoviringishwa, kona moja imeliwa na mchwa. Ilikuwa ramani ya parokia, imechorwa kwa mkono na mmisionari mmoja wa zamani: vigango, mito, njia za miguu, visima, vyote vimepakwa penseli za rangi. Kila kigango kina msalaba mwekundu na jina la katekista. Upande wa mashariki hakuna kitu, ila neno moja la penseli: "sijafika".

Tulikuwa tumetumia shilingi 180,000 kutafuta ramani ya kale iliyopakwa rangi kwa mkono, na hii ilikuwa ikitumika kuviringishia kalenda.

Sheria za Kanisa, kanuni ya 535, zinaagiza kila parokia iwe na kumbukumbu zake, na zinasema vitabu vya zamani navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kwa hiyo tunawaomba, mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya, mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Msichome karatasi za zamani wakati wa usafi wa ofisi kabla mtu mwenye ujuzi hajaziona. Msizipeleke kupigwa lamineti, kwa sababu joto na plastiki huziharibu na haziwezi kutolewa tena. Msitumie gundi ya utepe kuunga palipochanika. Ziwekwe zimelala bapa, mbali na sakafu, jua na unyevu. Zipigwe picha, na nyuma ya picha iandikwe ni nini, imetoka wapi na nani aliyesema hivyo. Wazee wakiwa bado hai, waulizwe majina yaliyoandikwa humo.

Na ile zawadi?

Kabla ya sherehe tulikwenda jumuiyani kueleza. Haikuwa rahisi. Baba mmoja aliuliza kama falsafa inafundisha kununua vitu gizani, na hatukuwa na jibu. Mama mmoja mzee akasema: "Wanangu, hela imeshakwenda. Mwambieni padre ukweli kabla hajafurahi, msimwache afurahi kwanza."

Tukafanya hivyo. Nyuma ya fremu tulibandika karatasi iliyoandikwa: "Nakala ya ramani ya Abraham Ortelius ya mwaka 1570. Imechapwa kwa mashine. Tuliinunua tukidhani ni ya kale." Padre aliisoma, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaomba kile kioo cha kukuzia. Yule mfanyabiashara alitusikiliza akatupunguzia hasara kwa kurudisha shilingi 50,000, nasi tuliongeza 10,000 kutoka mifukoni mwetu ili jumuiya ipate fedha zake zote. Zimerudi kwa mweka hazina.

Ramani sasa imetundikwa darasani. Kioo kimefungwa kwa uzi pembeni yake, na kila anayepita anaruhusiwa kuchungulia vitone. Ile ya mmisionari imeshapigwa picha na iko kwenye kabati kavu la parokia yake, imelala bapa. Paroko ametuomba likizo ijayo twende na katekista upande ule wa mashariki, ambako sasa kuna vigango vitatu, tuvichore.